Chumba Kipo, Barua Haifiki

Shangazi yangu ana nyumba ya wageni Pangani, vyumba vinane, na kwa muda mrefu aliamini kwamba watu wenye anwani za Yahoo hawalali Pangani. Wa Gmail walikuja. Wa vyuo vikuu vya Ulaya walikuja. Wa Yahoo alikuwa hajaona hata mmoja, na ushahidi alikuwa nao kwenye kaunta buku ya mapokezi, ambamo kila mgeni hujaza jina, atokako, aendako, kazi, kabila na barua pepe. (Safu ya kabila imezoeleka kwenye vitabu vya wageni na yeye haruhusu mtu airuke. Mgeni mmoja kutoka München aliikodolea macho kwa muda, kisha akaandika "Bavaria". Ikakubalika.)

Nadharia ya shangazi ilivunjika usiku mmoja wa Desemba, nyumba ikiwa imejaa watu wa harusi mpaka varandani. Walitokea mume na mke wa Uswisi, mabegi mgongoni, wakasema wana chumba. Hawakuwa na chumba. Mume akatoa simu na kuonyesha: alijaza fomu kwenye tovuti, tovuti ikamwambia asante, ujumbe wako umetumwa. Kwa kuwa hakujibiwa akajaza tena, ikamshukuru tena kwa maneno yale yale. Akaona basi, huku watu ni wa maneno machache. Anwani yake ilikuwa ya Yahoo. Shangazi akafungua simu yake mbele yao, akatafuta, hamna kitu. Wazungu wakalala chumbani kwake, yeye akalala stoo na magunia ya mchele, na alfajiri akanipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Tovuti yako inasema uongo."

Tovuti haikuwa yangu. Ilitengenezwa na kijana mmoja wa Tanga mjini aliyelipwa nusu kabla na nusu baada, kisha akahamia mkoa mwingine na kubadilisha namba. Lakini kwenye ukoo wetu mimi ndiye mtu wa kompyuta, cheo nilichopewa nikiwa sekondari baada ya kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa, na cheo hicho hakina kustaafu.

Nikamwambia hakuna haja ya mimi kutoka Dar es Salaam, nitaingia kwenye akaunti ya kampuni inayohifadhi tovuti, nitazame. Neno la siri alikuwa nalo, limeandikwa nyuma ya risiti ya simenti. Nikaliingiza. Kampuni ikasema imetuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mwenye akaunti.

"Shangazi, umepata meseji ya tarakimu sita. Nisomee."

Kimya.

"Shangazi?"

"Redioni wamesema namba hiyo usimpe mtu."

"Hawamaanishi mimi. Mimi ni mtoto wa kaka yako."

"Wamesema hata ndugu. Hasa ndugu."

Sikuweza kumlaumu. Anaishi katika nchi ambayo kila mwenye simu amewahi kupata ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua, akimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ile hela aitume kwenye namba hii. Hakuna salamu, hakuna maelezo, ni "ile hela" tu, na inashangaza jinsi mtu anavyojikuta akiwaza ni hela ipi. Shangazi aliwahi kumjibu mmoja wao akimwambia aje kuifuata mwenyewe, na akamtengea chai. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwomba tarakimu sita kwenye simu. Nikapanda basi hadi Tanga, na kutoka Tanga kilomita 50 hivi hadi Pangani, ili namba ya uthibitisho iingizwe na mwenye nayo. Aliiingiza kwa kidole kimoja, mtandio ameutandaza juu ya kibodi ya laptopu yangu nisione.

Tukaingia. Na hapo nikaona fomu ilivyotengenezwa.

Mgeni alipojaza jina, anwani na tarehe zake, fomu iliandika barua kana kwamba mgeni mwenyewe ndiye aliyeituma. Kwenye "Kutoka" iliweka anwani yake. Kumbe iliyotuma ni seva ya kampuni ya kuhifadhi tovuti, mashine ambayo haina undugu wowote na Yahoo. Kijana wa Tanga aliona ni hisani: shangazi akibonyeza "Jibu", jibu linakwenda moja kwa moja kwa mgeni. Wazo zuri. Lingekuwa zuri zaidi miaka ya themanini.

Barua pepe ilizaliwa miongoni mwa watu waliojuana. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN huko Cambridge, Massachusetts, alituma ujumbe kutoka mashine moja kwenda nyingine iliyokuwa katika chumba hicho hicho, akachagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Mwaka 1982 Jon Postel akachapisha kanuni za SMTP, ambazo kwa sehemu kubwa ndizo zinazobeba barua hadi leo. Katika kanuni hizo kuna amri ya kutaja barua imetoka kwa nani, na hapo unataja umtakaye. Hakuna anayeuliza kitambulisho. Cha ajabu ni kwamba walikwisha kuonjeshwa. Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa Digital Equipment Corporation, aliwatumia watu karibu 400 wa mtandao wa ARPANET tangazo la kompyuta mpya za kampuni yake. Walikasirika, wakalalamika, akakaripiwa. Miaka minne baadaye kanuni zikaandikwa, na mlango ukaachwa wazi vile vile. Yaelekea waliamini kwamba mtu aliyekaripiwa mbele ya wenzake hatarudia.

Ulinzi ulikuja kwa kuchelewa, tena vipande vipande: SPF ilichapishwa mwaka 2006, DKIM 2007, DMARC 2015, ingawa hiyo ya mwisho wakubwa walishaanza kuitumia kabla. Nilijaribu kumweleza shangazi vitu hivi vitatu kwa lugha ya mashine, akanisikiliza kwa heshima huku akichambua dagaa, halafu akanikatisha.

"Unaniambia habari ya posa."

"Hapana shangazi, nakwambia habari ya..."

"Subiri. Barua ya posa inaletwa na mshenga. Mimi nikiwa upande wa binti, swali la kwanza: huyu mshenga anatambulika kwao? Kwa hiyo nawauliza wazee wa upande wa mume, mliwatuma akina nani? Wanipe majina."

Hiyo ndiyo SPF. Mwenye domeni anatangaza hadharani, kwenye rekodi za DNS, ni seva zipi zinaruhusiwa kupeleka barua kwa jina lake.

"Swali la pili: barua yenyewe imefunguliwa njiani? Sahihi ni ya mzee, au mshenga kaongeza ng'ombe wake?"

Hiyo ndiyo DKIM. Seva inayotuma inatia sahihi kwenye barua kwa ufunguo wa siri. Ufunguo wa kuikagua umewekwa wazi kwenye DNS. Mtu akigusa neno moja njiani, sahihi inakataa.

"Na la tatu: nikimkamata mshenga wa uongo nimfanyeje? Nimkaribishe, nimweke barazani, au nimtimue? Hilo nao waseme."

DMARC. Ina majibu matatu yale yale aliyoyataja, kwa mpangilio ule ule: mwache, mweke pembeni, mkatae. Na ina nyongeza moja ambayo shangazi hakuitaja kwa sababu alidhani ni lazima iwepo: taarifa irudishwe kwa wazee kwamba mshenga wa uongo alionekana.

Tangu hapo sikuhitaji tena kueleza kitu. Aprili 2014 Yahoo, na muda mfupi baadaye AOL, walitangaza kwamba barua yoyote inayojiita yao bila kupita ukaguzi ikataliwe. Fomu yetu ilikuwa ikimchukua mgeni wa Yahoo na kumtuma mshenga ambaye Yahoo haijapata kumwona. Shangazi alipopata hilo aligeuka upande wa Yahoo mara moja. "Wamefanya sawa," akasema. "Hata mimi ningekataa."

Nikamuuliza Mungu wangu kimoyomoyo: barua zilizokataliwa zilikwenda wapi? Maana barua ikikataliwa hurudishwa kwa aliyeituma, na aliyeituma kwa kweli ni akaunti ya seva. Akaunti ya seva ina sanduku lake la barua. Kila tovuti ya namna hii inalo, limekaa kimya nyuma ya mitambo, na wengi hawajui kwamba lipo. Nikalifungua.

Zilikuwa mamia. Kila moja ilikuwa na kichwa cha habari kwamba imeshindikana kufika, chini yake maelezo ya mashine, namba za makosa, na chini kabisa, nzima bila kuguswa, barua ya mgeni. Mwanamke wa Uholanzi aliuliza kama vyandarua vipo na kama jogoo wako mbali. Familia ya Muscat yenye asili ya Tanga ilitaka vyumba viwili vya jirani kwa Idd, mmoja wao hawezi ngazi, na wakaomba kama bado kuna mtu anayepika boko boko waambiwe mapema. Mwalimu wa Mombasa alitaka bei ya wanafunzi. Mtu mmoja aliandika aya ndefu kuhusu babu yake aliyefanya kazi katika mashamba ya katani, akitaka kuja kuona mto tu, na akamaliza kwa kuuliza kama Wi-Fi ni bure. Wengine walirudia kuandika, kila mara kwa upole uliopungua kidogo.

Nilitaka kulifuta sanduku lote. Shangazi akanishika mkono.

"Hao ni wageni. Wamebisha hodi."

"Wengine wamebisha mwaka juzi, shangazi."

"Wajibu."

Tukawajibu. Yeye alisema, mimi niliandika, kwa kutumia simu yake na Gmail yake ya kawaida. Hakutaka kueleza seva wala Yahoo. Kila mmoja alijibiwa swali lake: vyandarua vipo, jogoo yuko mmoja na ni mzee, Wi-Fi ni bure ikiwepo. Yule wa Idd, ambayo ilikuwa imeshapita na nyingine ikapita juu yake, alijibiwa kwamba vyumba viwili vya chini vipo, na boko boko atalipika yeye mwenyewe. Kila barua iliishia na maneno mawili: chumba kipo. Wa Muscat walijibu kabla hatujala chakula cha usiku. Walidhani ni utapeli. Shangazi akawapigia simu kwa WhatsApp, wakaongea mpaka bando langu likakata, na ikagundulika kwamba bibi yao na bibi yake waliwahi kugombania kisima.

Fomu yenyewe kurekebisha haikuchukua muda: barua itoke kwa anwani ya nyumba ya wageni, na anwani ya mgeni iwekwe kwenye sehemu ya kujibia. Tatizo sasa likawa upande wa pili. Barua za uthibitisho, zile zinazomwambia mgeni kwamba nafasi yake imeshikwa, zilikuwa zinatumbukia kwenye spamu. Nikaenda kuangalia rekodi ya SPF ya domeni yetu, kuona kijana wa Tanga aliwataja washenga gani.

Aliwataja wote. Namaanisha watu wote. Rekodi iliishia na alama ya kujumlisha na neno "all", ambayo tafsiri yake mbele ya seva ni kwamba mashine yoyote popote duniani inaruhusiwa kutuma barua kwa jina la nyumba ya wageni ya shangazi. Yaelekea kuna siku kitu kilimgomea, akaweka hivyo, kikafanya kazi, akaenda zake.

"Dunia nzima?" shangazi akauliza.

"Dunia nzima."

"Na hao wageni watakaowaalika watalala wapi?"

Nikampigia kijana wa huduma kwa wateja wa ile kampuni. Alikuwa mtu mwema sana, ananiita kiongozi, na kila jambo kwake lilikuwa dogo. Nikamwomba aifute rekodi ile na kuweka sahihi. Akaweka sahihi. Ya zamani hakuifuta. Sasa SPF ina msimamo mmoja ambao hauna huruma: domeni iwe na rekodi moja tu. Zikiwa mbili, mkaguzi hachagui iliyo bora, anahesabu ni kosa na kuzitupa zote. Kwa hiyo tulitoka kwenye kuruhusu dunia nzima tukaingia kwenye kutomtambua yeyote, tukiwemo sisi.

"Kiongozi, si umeniambia niweke? Nimeweka."

Ya DKIM ilikuwa na mambo yake. Ufunguo wa biti 2048 ukiuandika ni msururu wa herufi karibu 400 zisizo na maana kwa binadamu, na DNS inapokea maandishi kwa vipande visivyozidi herufi 255. Lazima uugawe. Kisanduku cha kampuni hakikuugawa, kiliukata. Nilipomuuliza kijana nusu ya ufunguo imekwenda wapi alinijibu kwa utulivu, "Imeingia yote iliyoweza kuingia." Tulipougawa ukaenea, ukawa bado hauonekani. Nikamwomba anisomee jina la rekodi alivyoliandika. Akanisomea. Alikuwa ameandika jina lote hadi .co.tz, na mfumo wao, ambao huongeza jina la domeni wenyewe bila kumwambia mtu, ukaongeza tena. Ufunguo wetu ulikuwa hai na salama, kwenye anwani inayotaja nyumba ya wageni, ikapumua, ikataja tena nyumba ya wageni.

Kila baada ya marekebisho jibu lilikuwa lile lile: subiri masaa 24 hadi 48, DNS inasambaa. Kwa haki yake, rekodi zetu ziliwekewa sekunde 86,400, ambayo ni siku nzima, na kwa muda huo seva za watu zina ruhusa ya kuendelea kukumbuka jibu la zamani. Shangazi hili halikumwingia. Kila asubuhi aliniuliza imesambaa mpaka wapi, na kama Pangani imefika.

Katikati ya kusubiri ndipo tukagombana kuhusu saa. Nilikuwa nimeweka simu kwenye spika, saa nane mchana, kijana anasoma kumbukumbu za seva. "Mabadiliko yameingia leo saa tisa," akasema.

"Saa tisa bado," shangazi akasema.

"Mama, naiona hapa. Saa tisa kamili."

"Baba, mimi niko Pangani, muadhini hajaadhini Alasiri. Saa tisa bado."

Alichokuwa akikisoma ni 09:00 ya saa za kimataifa, ambayo kwetu ni adhuhuri, yaani saa sita. Seva ina saa yake, ukuta una saa yake, na shangazi ana saa yake, na zote tatu zilikuwa sahihi. Nilijaribu kusuluhisha. Shangazi alishakata shauri kwamba kampuni hiyo inaandika kazi kabla ya kuifanya, jambo ambalo, alisema, amewahi kuliona kwa mafundi wa paa.

SPF ikakaa sawa, DKIM ikakaa sawa, na barua zikaendelea kwenda spamu. Ilibidi nifuatilie anwani ya seva yenyewe, na nikaikuta kwenye orodha ya wasiotakiwa. Orodha hizo zina wenyewe. Inayojulikana zaidi, Spamhaus, ilianzishwa na Steve Linford mwaka 1998. Ukiwa kwenye hosting ya bei nafuu, seva moja hubeba tovuti za watu chungu nzima, na wote mnatoka kwa anwani moja. Mmoja wenu alikuwa akitangaza vidonge vya kupunguza tumbo kwa nguvu zake zote.

"Jirani gani?" shangazi akauliza, tayari kavaa ndala.

Nikamwambia hawezi kujulikana, hata kampuni haiwezi kumtaja. Aliona ni upuuzi wa hali ya juu, kuadhibiwa kwa ajili ya jirani ambaye huruhusiwi hata kwenda kumsema, na mimi sioni alipokosea. Tukahama: tovuti ikabaki pale pale, lakini barua zake zikawa zinapitia kampuni nyingine ambayo kazi yake ni kutuma barua tu, kwa mlango namba 587, kwa jina na neno la siri. Rekodi zikaandikwa upya, zikasambaa upya, kijana akaniita kiongozi mara nyingine nyingi.

Ikafika siku nikajitumia barua ya majaribio Gmail, nikafungua sehemu ya kuonyesha barua asilia. Juu kabisa kuna jedwali dogo. SPF: PASS. DKIM: PASS. DMARC: PASS. Nikamwonyesha shangazi. Akataka ichapwe. Ikachapwa stationery, kwa rangi, ikawekwa kwenye fremu, ikatundikwa mapokezi kati ya leseni ya biashara na cheti cha mlipakodi. Bwana afya alipokuja kukagua aliisoma, akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu kwenye fomu yake.

Wiki hiyo hiyo shangazi akapata barua kutoka kwa wakili asiyemjua, ikimwarifu kwamba ndugu yake asiyemjua amefariki katika nchi asiyoijua na kuacha dola milioni kadhaa. Haikuwa kwenye spamu. Ilikuwa juu kabisa, kwenye kikasha cha kawaida, inang'aa. Kwa udadisi nikafungua jedwali lile dogo. PASS, PASS, PASS.

"Na huyu naye kafaulu?"

"Kafaulu vizuri tu."

Alinitazama kwa muda. Ndicho kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemwambia, na ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekipita haraka wakati wa maelezo: ukaguzi wote huu unathibitisha kwamba barua imetoka kweli inakosema imetoka. Kama huko inakotoka kuna mwizi, imethibitishwa kwamba ni ya mwizi huyo, si ya mwingine. Tapeli ananunua domeni yake, anaweka SPF yake, DKIM yake, DMARC yake, na kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku, anaziweka vizuri kuliko mwenye nyumba ya wageni. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka watumaji wakubwa, ambao kwa hesabu ya Google ni wale wa barua 5,000 hivi na zaidi kwa siku, wawe na vyote vitatu. Matapeli walitii, tena bila manung'uniko. Waliohangaika ni SACCOS, shule, na watu wa vyumba vinane, ambao hata idadi hiyo hawaifikii lakini kwa woga walikimbilia kuweka kila kitu.

"Kwa hiyo mshenga wa kweli," shangazi akasema pole pole, "bwana harusi jambazi."

Fremu haikushushwa ukutani, lakini.

Ikabaki DMARC yetu. Shangazi alitaka kukataa, moja kwa moja, kuanzia siku hiyo, na kama kungekuwa na adhabu kali kuliko kukataa angeitaka. Mimi nikaweka ile ya kuacha kwanza, ili tupokee taarifa na kuona nani hutuma kwa jina letu. Taarifa nilizielekeza kwenye anwani ya nyumba ya wageni, inayosomwa na yeye. Zinakuja kila siku kutoka kwa kampuni zinazopokea barua, zimefungwa kwenye faili ambalo simu yake haifungui, na ndani ni XML ambayo hata ikifunguka haisomeki. Kwenye vikoba ikavuma kwamba Google humwandikia kila siku. Alipoulizwa wanasemaje, alijibu kwamba ni mambo ya ofisi.

Niliporudi tena Pangani nikazifungua zote kwenye laptopu, nikazipanga kwenye jedwali. Seva ya kutuma barua zetu, sawa. Gmail, sawa. Halafu kampuni moja ya kutuma barua za matangazo kwa wingi, ambayo hatukuwa na akaunti nayo, ikituma kwa jina letu mamia ya barua kila Ijumaa, zote zikianguka ukaguzi.

"Huyo mwizi," shangazi akasema. "Mkatae."

Nikamwomba dakika. Mwizi wa kimataifa hatumi kila Ijumaa kwa utaratibu namna ile. Nikatafuta mgeni wa zamani ninayefahamiana naye, nikamuuliza kama anapata barua zozote kutoka Pangani. Akanitumia skrinishoti. Ilikuwa picha nzuri ya Kisiwa cha Maziwe, maji ya samawati, mashua, kasa, bei kwa kichwa pamoja na chakula cha mchana, na chini namba ya simu ya binamu yangu, kitinda mimba wa shangazi, ambaye tulikuwa tukijiuliza ile injini mpya ya mashua aliipata wapi. Anwani za wageni alizitoa kwenye kaunta buku, akizipiga picha ukurasa kwa ukurasa zamu za usiku.

Shangazi aliitwaa simu yangu, akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akasoma bei. Akaisoma tena. Akaniuliza mashua inabeba watu wangapi. Nikamwambia.

"Ukikataa sasa hivi, barua zake zinakufa?"

"Zote."

"Na ukimwandika?"

"Nikimpa ufunguo wake wa DKIM kwenye rekodi zetu, zinafika. Tena hazitakwenda spamu."

Akamwita. Binamu akaja kutoka ufukweni, miguu ina mchanga, akaona jedwali kwenye laptopu, akaona uso wa mama yake, akakaa chini bila kuambiwa. Hakupigiwa kelele. Aliambiwa tu kwamba ataingizwa kwenye rekodi kama watu wengine wote wanaofanya kazi kwa jina la nyumba hii, na kwamba asilimia kumi ya kila kichwa kinachopanda mashua italetwa mapokezi kila Jumamosi.

Nikaeleza kwamba nitafanya leo, ila ni ufunguo mrefu ule, herufi karibu mia nne, na itabidi tumpigie tena yule kijana.

"Asilimia kumi na mbili," akasema shangazi.